Mvua, Kilio na Mtafunaji

Mtu amelala chali ndani ya mashine ya MRI. Kichwa kimebanwa kwa sponji pande zote mbili kisicheze, hedifoni zisizo na chuma zimefunika masikio, na kidole kiko juu ya kitufe. Anasikia mvua. Kimya. Anasikia mtoto mchanga akilia. Kimya. Kisha mtu anatafuna, polepole, mdomo wazi. Kila sauti ikiisha, anabonyeza kuonyesha imemkera kiasi gani. Kama ana misofonia, mvua ataivumilia kama wenzake, kilio kitamkunja uso kama wenzake, lakini akija mtafunaji moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, na kifuani inapanda hasira ambayo mwenyewe anajua kabisa haifanani na kosa.

Jaribio la namna hiyo lilifanywa na timu ya Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, iliyokuwa na Sukhbinder Kumar na Tim Griffiths, na matokeo yakatoka mwaka 2017 katika jarida la Current Biology. Washiriki walikuwa 42: 20 wenye misofonia na 22 wasio nayo. Magazeti yalishangilia picha za ubongo, zile zenye madoa ya rangi, na kwa kweli zilistahili. Sehemu iitwayo insula ya mbele, iliyofichika ndani ya mikunjo ya ubongo na inayohusika na kuchagua ni lipi kati ya mengi yanayotufikia linatakiwa kushughulikiwa sasa hivi, ilichemka kupita kiasi kwa wale 20 waliposikia sauti zao chokozi. Kwa kilio na kwa mvua haikufanya hivyo. Hata hivyo, katika ripoti nzima, ninachorudi kukitazama ni kile kilio. Aliyefikiria kukiweka pale ni fundi.

Tuseme kisingekuwapo. Watafiti wangecheza sauti ya kutafuna na sauti ya mvua, wangeona tofauti, wangeandika makala yao na kwenda kulala. Msomaji mkorofi, na sayansi inaishi kwa wasomaji wakorofi, angeuliza: mnajuaje kwamba hawa si watu wenye hasira za karibu tu, wanaokerwa na chochote kibaya? Kilio cha mtoto, pamoja na mayowe ya mtu yaliyokuwamo pia, vimewekwa kwa ajili ya mkorofi huyo. Hizo ni sauti zinazomsumbua kila mwenye masikio. Ikiwa wenye misofonia wangekerwa nazo kuliko wenzao, dai lote la kwamba tatizo linahusu sauti fulani maalumu lingeanguka, tena mbele ya watafiti wenyewe, kwa mkono wao wenyewe. Halikuanguka. Makundi mawili yalikwenda pamoja kwa mvua, yakaenda pamoja kwa kilio, yakaachana kwa mtafunaji.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Mtafiti naye anawamba ngoma, na angependa ngozi ije upande wake. Ustadi ninaousifu hapa ni wa mtu anayewamba ngoma huku amejifunga mkono unaovuta.

Si jambo dogo, kwa sababu misofonia yenyewe inaalika dharau. Hata jina lake ni la juzi: lilibuniwa na Margaret na Pawel Jastreboff wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, mwaka 2001. Kabla yao Marsha Johnson, mtaalamu wa usikivu wa Oregon, alikuwa ameshawaona watu wa aina hii katika miaka ya 1990 na kuwapa jina refu lililotaja wepesi wa kuchukizwa na sauti teule. Mwaka 2013 madaktari watatu wa afya ya akili wa Amsterdam, Arjan Schröder, Nienke Vulink na Damiaan Denys, walieleza wagonjwa 42 na kupendekeza vigezo vya kuitambua kama ugonjwa unaosimama peke yake. Hadi leo haimo katika DSM-5 ya Wamarekani wala ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani, miongozo ambayo madaktari huitumia kutambua maradhi. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuinuka mezani kila siku, akala chumbani peke yake miaka kumi, akaonekana ana maringo au ana dharau na chakula cha mama mkwe, na asiwe na pa kujieleza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo sababu ushahidi unaotafutwa lazima uwe wa aina ambayo asiyelala kitanda hicho ataukubali.

Tuanze na sauti zenyewe, maana hapo ndipo kazi inaharibikia upesi. Kumrekodi mtu anayekula karoti ni kazi ya dakika moja. Kumrekodi ili rekodi yake iweze kulinganishwa na mvua ni kazi nyingine. Maikrofoni ikikaribia mdomo mno, hata sisi tusio na misofonia tutageuza uso, kwa sababu hakuna anayekula nasi akiwa ameingiza mdomo sikioni mwetu. Ikikaa mbali mno, mwangwi wa chumba unaingia na sauti inapoteza ule unyevu wake, na unyevu ndio hasa unaochokoza. Kisha ukubwa wa sauti lazima usawazishwe, la sivyo moyo utaruka kwa sababu kitu kimesikika ghafla kwa nguvu, na mtafiti ataandika kwamba umeruka kwa hasira. Urefu nao usawazishwe. Na mwanzo: sauti ya kutafuna huanza kwa mkato, mvua huanza kwa kuenea, kwa hiyo mhariri wa sauti anainua kila moja kidogo kidogo katika nukta ya kwanza ili isiwepo inayobisha hodi kuliko nyingine.

Halafu kuna ugumu ambao hauna dawa ya moja kwa moja. Kichochezi cha mtu mmoja si cha mwingine. Huyu hawezi kukaa karibu na anayetafuna jojo lakini kubofya kwa kalamu hakumsumbui. Yule anakimbia mtu anayevuta makamasi, na kutafuna kwake si kitu. Ukiwapa wote sauti moja, unawapima kwa kipimo kisichowafaa. Ukimpa kila mtu ya kwake, huwezi tena kusema wote walisikia kitu kilekile. Kila maabara inachagua lipi itapoteza. Wengine hutengeneza orodha ndefu, humwachia mshiriki azisikilize kwa vipande vifupi na kuzipanga, kisha jaribio lenyewe hutumia zile alizozipa alama ya juu. Mwaka 2023 ilichapishwa maktaba huria ya sauti, inaitwa FOAMS, ili mtafiti wa mji mmoja atumie sauti ileile aliyotumia mwenzake wa bara jingine. Naona kazi kama hiyo haipati sifa inayostahili. Hakuna gazeti litakaloandika kwamba watu wamekaa wakakata, wakasafisha na kuweka lebo kwenye rekodi za watu wakimeza mate.

Sasa peleka sauti hizo ndani ya MRI. Mashine hiyo ina kelele za ajabu. Nyaya zilizozungushwa ndani ya sumaku hupitishiwa umeme unaobadilika kasi, zinatetemeka, na mtetemo huo unaweza kuvuka desibeli 100. Kumchezea mtu sauti ya mate ndani yake ni kama kumnong'oneza mtu siri kando ya mashine ya kusaga mahindi. Watafiti wa usikivu wana hila moja ya kukabiliana na hili ambayo naipenda kwa sababu inatumia udhaifu wa chombo kama nguvu yake. MRI haipimi seli za ubongo zikifanya kazi. Inapima damu yenye oksijeni inayokimbilia pale zilipofanya kazi, na damu huchelewa: hufika kileleni sekunde tano au sita baada ya tukio. Kwa hiyo mashine inanyamazishwa. Sauti inachezwa katika ukimya huo, mwanzo hadi mwisho. Ndipo mashine inapiga picha moja, kwa makelele yake yote, wakati damu iliyoitwa na mtafunaji ndiyo kwanza inawasili. Kelele za picha hiyo nazo zitaita damu, lakini itakuwa imechelewa, picha imeshachukuliwa. Gharama yake ni muda. Picha zinakuwa chache, mshiriki analala pale muda mrefu zaidi, na mgongo unauma.

Ngozi nayo inahojiwa. Elektrodi mbili ndogo hufungwa kwenye vidole viwili vya mkono usioandikia, mshiriki akiwa amenawa kwa maji, na umeme hafifu mno asioweza kuuhisi unapitishwa kati yake. Tezi za jasho za viganjani zinaamriwa na mfumo wa neva ambao hatuutawali kwa kutaka. Zikifunguka hata kabla jasho halijaonekana, umeme unapita kwa wepesi zaidi na mstari kwenye skrini unapanda. Unapanda kwa kuchelewa, sekunde moja hadi tatu baada ya sauti. Anayesoma mstari huo lazima ajue kuutenganisha na ule unaopanda kwa sababu mtu amevuta pumzi ndefu, amekohoa, au amekumbuka kwamba aliacha jiko likiwaka. Ndiyo maana mshiriki anaombwa asisogee, na ndiyo maana anaachwa akae dakika kadhaa bila kufanya chochote kabla jaribio halijaanza. Dakika hizo zinazoonekana za bure ndizo zinazompa mtafiti usawa wa bahari wa mtu huyo.

Timu hiyohiyo ya Newcastle ilirudi mwaka 2021 na swali ambalo lingeweza kuwaumbua. Je, tatizo liko masikioni kweli? Walitazama jinsi sehemu mbalimbali za ubongo zinavyoshirikiana, na wakakuta kwamba kwa wenye misofonia, maeneo ya kusikia na hata ya kuona yana mawasiliano yenye nguvu zaidi na eneo linaloandaa miendo ya midomo, taya na ulimi. Yaani anapotafuna mwingine, ubongo wa msikilizaji unachukulia kana kwamba taya zake yeye zinaitwa kazini bila idhini. Gamba la usikivu lenyewe halikuonekana kuzipokea sauti hizo kwa namna tofauti na ya watu wengine. Kwa mtu ambaye miaka yote ameambiwa masikio yake ni mepesi mno, hilo ni jambo la kukaa nalo.

Nadharia nzuri huwa na mvuto wake, na hapo ndipo wakorofi wanapohitajika tena. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Heather Hansen na wenzake waliuliza: na wale wanaokerwa na vidole vinavyogonga meza je? Hakuna mdomo hapo. Walionyesha kwamba vichochezi visivyotoka mdomoni si vichache, na mwaka 2022 wakatoa ushahidi kwamba hata hivyo vina alama yake katika mawasiliano ya ubongo kwa watu wenye misofonia hafifu. Hoja ya mdomo haikufa, ila ilibanwa ipungue ukubwa. Ningependa ubishi wetu wa vijiweni ungekuwa hivi, mtu kupunguza dai lake kidogo badala ya kupandisha sauti.

Lakini ukiniuliza ni jaribio gani lina ustadi wa kumfanya mtu atabasamu, nitakupeleka Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Patrawat Samermit, Nicolas Davidenko na wenzao walichukua sauti mbaya kabisa, kwa mfano ile ya kucha zikikwaruza ubao, wakaiwekea video nyingine. Katika video hiyo mtu anapiga filimbi. Wakalinganisha miendo kwa uangalifu, pumzi na vidole vikaenda sambamba na sauti, hata mtazamaji akaamini kwamba mkwaruzo ule unatoka kwenye filimbi. Sauti haikuguswa, ni ileile hadi nukta ya mwisho. Watu waliiona haiwakeri sana, na wakasema mwili nao haukuchachamaa sana. Baadaye, mwaka 2022, walitoa mkusanyiko mzima wa video za namna hiyo, uliotengenezwa kwa ajili ya misofonia, ambamo sauti za kula na kupumua zimepewa asili nyingine zinazoaminika.

Jaribu kuifanya kazi hiyo uone. Unatafuta kitendo kinachotoa sauti inayokaribia kutafuna lakini si kutafuna. Unakirekodi tena na tena mpaka kila kishindo kiangukie pale kinapoangukia kwenye sauti ya asili. Ukikosea hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, jicho linang'amua udanganyifu na sikio linarudi kwa mtafunaji. Huko San Diego, Miren Edelstein na wenzake walifika mahali palepale kwa njia nyingine: mwaka 2020 walionyesha kwamba sauti za kula humkera mwenye misofonia zaidi anapoamini kuwa anayekula ni binadamu kuliko anapodhani ni mnyama au ni kitu kingine kabisa. Majaribio haya mawili yananifanya nisiwaamini tena wanaosema "ziba masikio yaishe". Sehemu ya maumivu iko katika kujua ni nani anayetoa sauti, na pamba haizibi kujua.

Kuna ufundi mwingine usio na mashine, nao ni wa kuuliza. Dodoso la Amsterdam la 2013 lilikuwa na maswali sita tu, likiwa limeigwa kutoka kipimo cha maradhi mengine ya akili, na lilitosha kuanzia. Kipimo kiitwacho S-Five, kilichotengenezwa na Silia Vitoratou wa King's College London na Jane Gregory wa Oxford pamoja na wenzao, kina kauli 25, na kila moja inapewa alama kati ya 0 na 10. Kinachonivutia ni kwamba hakiulizi tu "unakereka?" Kinagawa kero katika matawi matano: kujilaumu mwenyewe, kuwalaumu wengine, kujihisi umetegwa usiweze kutoka, mlipuko wa hasira, na jinsi maisha yanavyobanwa. Watu wawili wanaweza kuwa na jumla sawa, mmoja akiwa anaichukia nafsi yake kwa kuwakimbia ndugu zake mezani, mwingine akiwa na hakika kwamba ndugu hao hawana adabu. Mashauri ya kuwapa hayawezi kuwa mamoja, na dodoso lenye swali moja lisingewatenganisha.

Swali moja pia lina mahali pake. Kampuni ya 23andMe iliwauliza wateja wake waliokubali kushiriki utafiti kama sauti ya wengine kutafuna huwajaza ghadhabu. Watu zaidi ya 80,000 walijibu, na Dirk Smit na wenzake, katika kazi iliyochapishwa 2023, wakaweza kuzipitia chembe za urithi za umati huo na kukuta eneo moja karibu na jeni iitwayo TENM2 likihusiana na jibu la ndiyo. Kwa upande mmoja una undani wa watu 20, kwa upande mwingine una umati wenye swali moja lisilo na kina. Ghadhabu ya kutafuna si misofonia yote, na waandishi wenyewe walilisema hilo.

Hesabu za ni wangapi wanaoishi na hali hii zinategemea nani aliulizwa na kwa kipimo gani. Wanafunzi wa chuo Marekani, 2014: karibu asilimia 20 walikuwa na dalili za maana. Uingereza, 2023, kwa watu 772 waliochaguliwa wafanane na watu wazima wa nchi hiyo kwa umri, jinsia na asili: asilimia 18.4 walifikia kiwango cha kusumbuka, na ni asilimia 13.6 tu waliokuwa wamewahi kulisikia neno misofonia. Marekani, 2024, kwa kigezo kikali zaidi cha kitabibu: asilimia 4.6. Msomaji wa haraka ataona wanapingana. Ila kila mmoja alipima kina tofauti cha mto uleule, na anayejua kazi yake huandika alisimama wapi alipopima.

Mwaka 2022 kamati ya wataalamu wa fani mbalimbali, kazi iliyoongozwa na Susan Swedo, ilitoa fasili ya pamoja. Walipiga kura kwa awamu, sentensi kwa sentensi, na sentensi isiyopata asilimia 80 ilirudi kuandikwa upya. Fasili yenyewe inachosha kuisoma, kama kila kitu kilichoandikwa na kamati, lakini tangu hapo watafiti wanajua wanazungumzia kitu kimoja.

Na mtu wa kawaida anaingiaje humu? Kituo cha misofonia cha Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, kinachoongozwa na Zachary Rosenthal, kina tafiti za kuhudhuria ana kwa ana. Vivyo hivyo maabara za Uingereza na Uholanzi. Aliye Morogoro au Kisumu hatapanda ndege kwenda kusikiliza mtu akitafuna. Njia iliyo wazi ni tafiti za mtandaoni, ambazo huhitaji simu au kompyuta, hedifoni, na chumba chenye utulivu. Huko pia kuna ufundi. Mtafiti hamwoni mshiriki, basi atajuaje kama kweli amevaa hedifoni? Kevin Woods, Josh McDermott na wenzao walitoa jibu mwaka 2017. Unachezewa milio mitatu na kuulizwa upi una sauti ndogo kuliko yote. Mmoja kweli ni mdogo. Mwingine una ukubwa wa kawaida, ila wimbi lake limegeuzwa: upande wa kushoto unaposukuma hewa, wa kulia unavuta. Kwa hedifoni kila sikio linapata wimbi lake na mlio unasikika kamili. Kwa spika za kawaida mawimbi mawili yanakutana hewani na kufutana, mlio unafifia, na aliyedanganya anauchagua huo kwa ujasiri kabisa. Mtu anajifichua bila kuulizwa swali hata moja kuhusu vifaa vyake.

Kabla ya hayo yote kuna fomu ya ridhaa. Isome. Inapaswa kusema utachezewa sauti za aina gani, taarifa zako zitahifadhiwa vipi na kwa muda gani, ni kamati ipi ya maadili iliyopitisha utafiti, na kwamba unaweza kuacha wakati wowote bila kutoa sababu. Katika utafiti wa misofonia haki hiyo ya kuacha ina uzito wa pekee, kwa kuwa kinachopimwa ndicho kinachoumiza. Maabara yenye adabu huweka kitufe cha kusimamisha pale kidole kinapofika. Utafiti unaofanyika Kenya uwe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Wa afya Tanzania uwe umepitiwa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Anayekuomba ulipe ili ushiriki, mwache.

Majaribio ya tiba yana subira ya aina nyingine. Huko Amsterdam, Inge Jager na wenzake waliwagawa wagonjwa 54 kwa bahati nasibu: baadhi wakapata tiba ya mazungumzo na mazoezi ya kila wiki kwa miezi mitatu, wengine wakawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Matokeo, yaliyochapishwa 2020, yalionyesha asilimia 37 ya waliotibiwa wakipata nafuu ya wazi, na kati ya waliosubiri hakuna hata mmoja. Ile sifuri imetolewa na watu walioendelea kula chumbani peke yao miezi mitatu zaidi ili tujue nafuu ile haikuja yenyewe. Majina yao hayamo kwenye makala.

Asiye na misofonia naye anatakiwa. Bila wale 22 wa Newcastle, wale 20 wasingetuambia chochote. Mara nyingi huletwa na ndugu au rafiki mwenye tatizo, wakapimwa usikivu, wakafanya kila kitu wanachofanya wengine, na kazi yao yote ikawa kutosumbuka.

Kwa mwenye nayo, jaribu kubwa ni kutia chumvi. Ni jambo la kueleweka. Umebezwa miaka mingi, leo kuna mtu anakuuliza kwa makini, na mkono unataka kuweka 10 kila mahali ili safari hii uaminiwe. Lakini orodha ndefu ya sauti iliwekwa ili kuonyesha umbo la tatizo lako, na umbo linahitaji pande zisizo na kitu. Ukifika kwenye saa ya ukutani, na saa ya ukutani haijawahi kukunyima usingizi, weka 0, uende swali linalofuata.